Uzi wa Sita

Miaka ishirini na tisa nimembadilishia nyuzi Genivaldo.
Nalijua jasho lake linavyokula chuma:
onyesho moja tu, na uzi mpya umeshika kutu
kama msumari uliosahauliwa mvuani.
Jasho la wengine ni maji na chumvi. Lake ni tindikali.
Fundi wa jukwaani hapaswi kuyasema haya,
lakini sasa nani ataninyima kazi?

Tulianzia Contagem, ukumbi wa parokia.
Padri alitupa funguo akidhani tunamwimbia Bikira.
Gitaa la kwanza alilichonga kwa ubao wa kitanda cha babu yake,
sumaku akaing'oa kwenye redio ya mama,
na Dona Elzira, mshona nguo, akakaa wiki mbili
bila mchezo wake wa saa nane, wala hakumpiga.
Alimwambia tu, akiwa na pini mdomoni:
"Kelele ikikushinda, cherehani iko pale."

Kilichomfundisha ni zamu ya usiku, kiwanda cha mabomba.
Nyundo ya mvuke: ndu, ndu, kimya, ndu.
Kile kimya, alisema, ndicho wimbo.
Sisi tulisikia radi;
yeye alikuwa akihesabu kati ya radi na radi.

Albamu ya kwanza siku tatu. Ya pili, deni.
Mwenye kampuni, bwana mmoja wa meno mazuri,
alitusainisha juu ya boneti ya gari lake, injini ikiunguruma.
Zikauzwa nakala elfu arobaini, walisema waliohesabu.
Sisi tuligawiwa makoti ya ngozi.
Langu lilibana makwapani. Bado linabana.

Halafu Ujerumani.
Nani asiyeiota Ujerumani?
Uwanja wa matope, saa tano asubuhi, mvua ya ubavuni,
mbele yetu watu arobaini ndani ya mifuko ya plastiki,
mmoja akila soseji.
Wimbo wa pili, uzi wa sita ukakatika.

Huo ndio uzi mnene. Ndio sakafu ya nyumba nzima.
Hakunitazama. Aliyahamisha mapigo yote juu,
akapiga dakika thelathini na nane bila sakafu,
na mla soseji akaacha kula.

Niseme sasa.
Nyuzi zile hazikuwa mpya.
Nilizichemsha usiku, kwenye sufuria yetu ya maharage,
nikazikausha kwa taulo, nikazirudisha kwenye bahasha zake.
Pesa ya nyuzi mpya ilikuwa kwenye soksi yangu;
binti yangu Jussara alikuwa anaota meno vibaya.

Hatukualikwa tena.
Wanderley akaacha kunguruma, akawa mhubiri (sauti ni ile ile).
Genivaldo alifunga nywele, akavaa shati jeupe,
akapiga kwenye harusi nyuma ya kinanda cha mkononi,
taratibu, kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima.
Nami nikambebea spika, ndogo, moja.

Leo sikio la kushoto limekwisha,
la kulia lina kengele isiyo na kanisa.
Anashona mikanda ya magitaa kwa cherehani ya marehemu mama,
anauza kwa vijana wasiomjua.
Akitaka kulinganisha gitaa, huliuma pembe,
mfupa wa taya umsikilizie.

Jumapili nilimkuta ameuma hivyo, macho yamefumba.
Nikamwambia yote: sufuria, soksi, meno ya Jussara.
Sikujua kama amesikia.
Akaliachia gitaa, akajifuta mate.

"Ulipokatika ulinichapa mdomoni," alisema.
"Ulikuwa na ladha ya kitunguu saumu."

Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu,
kama kila usiku kwa miaka ishirini na tisa,
nami nikapapasa mfukoni nikitafuta bahasha.